Kutoka Kisugu Hadi Herufi X: Gwaride la Farasi Mmoja

Kisugu ni mtaa wa Kampala usio na majivuno. Umekaa upande wa kusini mashariki wa jiji, katika tarafa ya Makindye, nao umebanwa na majirani wenye sifa kuliko wenyewe. Juu yake kimesimama kilima cha Muyenga, ambacho watu wamezoea kukiita Tank Hill kwa sababu ya matangi makubwa ya maji yaliyojengwa kileleni. Chini yake iko Namuwongo pamoja na reli na bonde la Nakivubo. Ubavuni iko Kabalagala, ambako usiku haupati usingizi. Na ng'ambo ya bonde hukionekana kilima cha Kibuli, chenye msikiti wake mashuhuri na chuo cha polisi, ambamo askari wengi wa nchi hii walijifunza kutofautisha mguu wa kulia na wa kushoto.

Alfajiri mtaa huamka kwa moshi wa makaa. Wauza chapati huwasha majiko yao kando ya njia, watoto hupanga madumu ya manjano penye bomba, na vijana wa bodaboda huzipasha moto pikipiki zao huku wakitazama nani atatoka kwanza. Maji yanayojaza madumu hayo yana safari yake. Huvutwa ziwani, husafishwa Ggaba, husukumwa juu hadi matangi ya Muyenga, kisha huteremka tena kwa uzito wake wenyewe hadi mitaani. Mtu wa Kisugu, basi, hunywa ziwa kila siku, hata kama mwezi mzima umepita asilione.

Katika mtaa kama huo farasi hana kazi. Mnyama wa kazi anayejulikana ni ng'ombe wa jembe, ambaye wapangaji wengine walimwacha nyumbani Teso au Lango, ama punda wa milimani Kapchorwa. Farasi ni mnyama wa kwenye picha.

Si kwamba watu wa kando ya Nalubaale walimdharau. Nchi yenyewe ilimkataa. Vichaka vya ufukweni vilikuwa makao ya mbung'o, na mbung'o huwaambukiza farasi na ng'ombe ugonjwa wa nagana, kama anavyowaambukiza watu malale. Kati ya mwaka 1900 na 1920 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga, Buganda na visiwani, na serikali ya kikoloni chini ya Hesketh Bell ikalazimika kuwahamisha wakazi wa ufukweni. Farasi angenusurika vipi mahali ambapo binadamu walikimbizwa? Na hata mbung'o alipopunguzwa, ulibaki ugonjwa mwingine ambao ni tauni halisi ya farasi wa Afrika. Huo huletwa na kirusi kinachobebwa na usubi, vijidudu vidogo vinavyouma hasa kuanzia machweo hadi macheo. Ndiyo maana mfugaji mwenye akili huwaingiza farasi wake bandani kabla jua halijatua, na asubuhi huwa hana haraka ya kuwatoa.

Maneno yenyewe yanasimulia habari hiyo. Farasi, hatamu, lijamu ambayo ni chuma cha mdomoni, seruji ambayo ni kiti cha mgongoni, na saisi ambaye ni mtunzaji wake: yote hayo yalitoka kwa Waarabu, yakapita pwani, yakapanda bara pamoja na lugha. Kiswahili kilifika Kampala kikiwa na matandiko kamili ya farasi, ila farasi mwenyewe alichelewa njiani.

Hata hivyo amefika. Ukitoka Kisugu, ukapita Kabalagala na kuifuata barabara ya Ggaba, ukaziacha Kansanga na Bunga nyuma yako, ukakata kuelekea Munyonyo, utakuwa umekwenda kilomita zisizozidi kumi. Njiani harufu ya makaa hupungua na hewa ya ziwa huingia dirishani mwa teksi. Munyonyo ni mahali pa kale. Kabaka Mwanga alikuwa na kasri lake pale mwaka 1886, na ni hapo mwezi wa Mei wa mwaka huo ambapo Denis Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa, miongoni mwa Mashahidi wa Uganda, waliuawa. Siku hizi wageni huja kwa mikutano, kwa arusi na kwa hija. Na katika viwanja vya hoteli kubwa ya Speke Resort, kando ya ziwa lile lile lililowahi kuwakataa farasi, yamejengwa mazizi, na watu hufundishwa kupanda.

Mpwa wa saisi

Msomaji na amfikirie sasa binti wa miaka 15, mtoto wa konstebo, anayeishi na wazazi na wadogo zake wawili wa kiume katika chumba na sebule ya kupanga huko Kisugu. Jina lake halina haja. Mjomba wake ni saisi katika mazizi fulani ya upande wa ziwani, na wakati wa likizo mama yake humtuma kumpelekea chakula. Siku ya kwanza aliogopa. Siku ya pili alipewa koleo azoe samadi. Juma la tatu mjomba alimwinua akamkalisha juu ya farasi jike mzee wa rangi ya kijivu, aitwaye Subira, jina ambalo mnyama huyo hakuwahi kulizingatia.

Kwanza alifundishwa yale yasiyohusu kupanda. Farasi huendewa kwa upande wa bega, kwani huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua yake na nyuma ya mkia wake, na anayetokea nyuma kimyakimya huweza kupokelewa kwa kwato. Hulishwa kidogo kidogo mara nyingi, nyasi zikiwa ndio mlo mkuu na pumba kiasi tu, kwa sababu tumbo lake ni dhaifu. Farasi hawezi kutapika. Akila kilichooza au akila kwa pupa, msokoto wa tumbo unaweza kumuua kabla ya asubuhi. Mama mwenye kulea mtoto mchanga ataelewa upesi kwa nini saisi hulala macho nusu wazi.

Baadaye ukaja mwendo. Hatua ya kawaida haikumsumbua. Mchakamchaka ndio uliomtesa, maana mgongo wa farasi katika mchakamchaka humrusha mpandaji kama punje kwenye ungo, mpaka ajue kuinuka na kukaa kwa kufuata mdundo. Hapo baba yake konstebo alikuwa na la kusema. Kila askari amekimbia mchakamchaka, na kila askari anajua kwamba asiyefuata mdundo huumia peke yake.

Ndipo mwalimu wa mazizi akatoa sharti. Kungekuwa na jaribio la dresaji kwa wanafunzi wanaoanza. Mpwa wa saisi angekopeshwa Subira, naye kama angelimaliza jaribio na kupata angalau nusu ya alama, angeruhusiwa kuendelea kupanda kila Jumamosi bila malipo, kwa kubadilishana na kazi ya zizini. Kama sivyo, nafasi ingepewa mwingine. Hapakuwa na njia ya tatu, kwa kuwa ada ya masomo hayo haikuwa ya kuzungumzwa katika nyumba yenye watoto watatu wa shule.

Amri isiyosikika

Dresaji ni nini? Neno limetokana na Kifaransa, na maana yake ni kufunza. Askari ataielewa haraka akiambiwa kwamba ni gwaride la farasi mmoja. Uwanja wa wanaoanza ni mstatili wa mita 20 kwa mita 40, na pembeni yake husimamishwa herufi za kuonyesha mahali. Kwenye mlango kuna A. Ukifuata upande wa kushoto kuna K, E na H. Mbele kabisa, alipoketi mwamuzi, kuna C. Upande wa kulia, ukirudi, kuna M, B na F. Katikati ya uwanja ipo X, ambayo haikuandikwa popote. Mpandaji hana budi kuijua tu. Kila tendo limepangiwa herufi yake: hapa anza mchakamchaka, hapa zungusha duara la mita 20, hapa kata uwanja mshazari, hapa legeza hatamu farasi anyooshe shingo. Kila tendo hupewa alama kutoka sifuri, yaani halikufanyika, hadi kumi, yaani ni bora kabisa. Tano ni ya kupita kwa taabu.

Ila ipo tofauti moja kubwa na gwaride la Kibuli. Katika gwaride la askari, amri hutolewa kwa sauti ya kutikisa paa. Katika dresaji sauti hairuhusiwi. Mpandaji akimsemesha farasi wake, hata kwa kubofya ulimi, hupunguziwa alama. Amri hutolewa kwa uzito wa mwili, kwa ndama ya mguu, kwa vidole juu ya hatamu, na kadiri amri inavyokuwa ndogo ndivyo kazi inavyosifiwa.

Hapo ndipo palipokuwa na shida ya binti wa Kisugu. Subira alikuwa amelelewa na saisi, na saisi alikuwa mtu wa maneno. Alimsimamisha kwa Kiganda, alimwondoa kwa Kiganda, alimkemea na kumbembeleza kwa Kiganda. Mtu akimvuta hatamu bila neno, Subira aliinua kichwa, akafungua mdomo, akaendelea na safari yake. Na mwisho wa jaribio ulimtaka asimame pale X, miguu minne kimya, wakati mpandaji akimsalimu mwamuzi.

"Mjomba, huyu hasimami mpaka umwambie," binti alilalamika.

"Basi mwambie, mwanangu, lakini usitumie mdomo," mjomba akajibu, na hakueleza zaidi.

Mwalimu ndiye aliyeeleza. Farasi anapokwenda, nyonga za mpandaji huenda naye, mbele na nyuma, kama mtu anayesukuma bembea. Ukitaka asimame, acha kusukuma. Nyoosha mgongo, shusha pumzi, bana mapaja kidogo, funga vidole kama unayekamua sifongo. Usivute. Na mara tu anaposimama, vilegeze vidole papo hapo, kwa maana huko kulegeza ndiko kumshukuru. Mpandaji anayesahau kulegeza humfundisha farasi kwamba utii haumletei nafuu yoyote.

Mafunzo hayo ni ya kale mno, na waliyoyaanzisha walikuwa askari. Xenophon, Mgiriki aliyeongoza majeshi na aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika kitabu juu ya upandaji ambamo alionya kwamba farasi asiendewe kwa hasira, na kwamba linalofanywa kwa kulazimishwa halina uzuri wowote. Hakuwa mtu laini. Alijua tu kwamba vitani maisha ya mpandaji hutegemea mnyama anayegeuka na kusimama kwa ishara ndogo, bila ugomvi, katikati ya makelele.

Cheo cha sajini

Baba konstebo hakupinga, lakini hakufurahia. Jioni moja, akivua mkanda wake, alimwambia mkewe, "Mama watoto, hayo ni mambo ya maofisa. Mtoto wa konstebo atayapeleka wapi?"

Neno hilo lilikuwa na ukweli kuliko alivyodhani mwenyewe. Dresaji iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1912 mjini Stockholm, na kwa miaka mingi askari aliyeruhusiwa kushindana ni yule tu mwenye cheo cha ofisa. Sajini hakuruhusiwa, hata angepanda vizuri namna gani. Wanawake nao hawakuruhusiwa. Mwaka 1948, katika michezo ya London, timu ya Sweden ilishinda medali ya dhahabu ya dresaji. Mmoja wa wapandaji wake watatu alikuwa Gehnäll Persson, ambaye kwa kweli alikuwa sajini. Jeshi lake lilikuwa limempandisha cheo kabla ya michezo ili apate kuingia uwanjani, na baada ya michezo likamrudisha kwenye usajini wake. Habari ikavuja. Mwaka 1949 Sweden ikanyang'anywa dhahabu ile, ikapewa Ufaransa. Hakuna aliyesema kwamba Persson alipanda vibaya. Kosa lake lilikuwa begani.

Aibu hiyo ilisaidia kuibadili kanuni. Katika michezo ya Helsinki ya mwaka 1952 mlango ulifunguliwa kwa askari wa vyeo vyote, kwa raia, na katika dresaji kwa wanawake pia. Persson alirudi na wenzake wale wale, wakaitwaa dhahabu ya timu, na wakaitwaa tena mwaka 1956. Na medali ya fedha ya mpandaji mmoja mmoja mwaka 1952 ilikwenda kwa Lis Hartel, mwanamke wa Denmark, ambaye ugonjwa wa polio ulimpata mwaka 1944 na kumwachia miguu isiyofanya kazi chini ya magoti. Alikuwa akiinuliwa kuwekwa juu ya farasi wake Jubilee na kuteremshwa baadaye. Mtu asiyeweza kumpiga farasi teke hata angetaka alikuwa wa pili duniani.

Katika Afrika Mashariki farasi wa serikali wapo mpaka leo. Jeshi la Polisi la Tanzania, kwa mfano, lina kikosi chake cha farasi na mbwa, na mpandaji wa kikosi cha namna hiyo hatokani na familia za kitajiri. Binti alipomsimulia baba yake habari za sajini Persson, kama alivyozisikia kwa mwalimu, konstebo alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mshahara walimrudisha kwenye wa sajini?" Swali hilo hakuna aliyelijibu, lakini tangu jioni hiyo alianza kuuliza habari za Subira.

Mkesha

Maandalizi ya jaribio, katika nyumba ya Kisugu, yaligawanywa kama maandalizi ya sikukuu. Wadogo wawili walipewa kazi ya herufi. Walichora uwanja kwa chokaa kwenye saruji ya uani, mita mbili kwa mita nne, na kwa kuwa dada yao alisahau mpangilio wa A, K, E, H, C, M, B, F, walimtungia sentensi ya kukumbuka: "Afande kala embe, halafu chungwa, muwa, boga, fenesi." Mlangoni afande, kwa mwamuzi chungwa. Dada akalitembea jaribio zima kwa miguu, akiwa ameshika kamba ya kuanikia nguo mikononi, huku majirani wakipita kwenda bombani na kujizuia kucheka. Akizunguka kwa mkono wa kulia, sentensi ilikwenda sawa. Akizunguka kwa mkono wa kushoto, ilibidi aisome kinyumenyume, na hapo fenesi lilimkwama kila mara.

Mama alifua suruali nyeupe ya kuazima, akaikamulia kivulini isije ikapata madoa ya kutu ya waya. Baba akayachukua mabuti, ya kuazima pia, akaketi nayo kibarazani. Kila mke wa askari anaifahamu kazi hiyo: kitambaa cha pamba kilichozungushwa kidoleni, rangi ya viatu kidogo, tone la maji, duara ndogo ndogo zisizo na haraka, mpaka ncha ya buti ionyeshe uso wa mtu. Alimaliza saa nne usiku, akayafunika kwa gazeti.

Asubuhi binti alitoka kabla ya mapambazuko. Zizini mjomba alikuwa ameshamwosha Subira, na zikabaki singa za shingo. Kwa jaribio singa husukwa mafundo madogo madogo, ili mstari wa shingo uonekane. Hiyo haikuwa kazi ya kufundishwa. Msichana aliyekulia Kisugu, ambako kila kona ina mahali pa kusukia nywele, alisuka mafundo kumi na matatu kwa nusu saa, akayakunja na kuyafunga kwa uzi, na mwalimu alipopita alisimama kuyahesabu bila kusema neno.

Kengele

Saa tatu ya asubuhi jua lilikuwa limepanda juu ya ziwa. Mwamuzi aliketi nyuma ya herufi C pamoja na karani wake. Mwamuzi husema na karani huandika, kwa sababu macho yanayohukumu hayaruhusiwi kuteremka kwenye karatasi. Baba na mama walisimama penye ukingo. Konstebo alikuwa katika sare, kwa maana zamu yake ilianza adhuhuri.

Kengele ikalia. Kutoka hapo mpandaji ana sekunde 45 za kuingia.

Binti aliingia penye A kwa mchakamchaka, akaifuata njia ya katikati. Njia hiyo haina ukuta wa kuegemea, na farasi huyumba kama mlevi mpandaji asipotazama mbele. Alimtazama mwamuzi. Penye C akageuka kulia: muwa, boga. Penye B akazungusha duara. Duara la kwanza la mpandaji yeyote huwa na umbo la yai, na lake pia lilikuwa yai, lakini yai la heshima. Fenesi, afande, akakata mshazari kutoka K kupita X hadi M, na sasa alikuwa anakwenda mkono wa kushoto.

Chungwa. Halafu. Embe. Penye E palitakiwa duara la pili. Binti alikwisha kuipita E na alikuwa anaielekea K, akifikiria fenesi, kengele ilipolia tena.

Waliokuwa ukingoni hawakujua maana yake. Mama alimshika mumewe mkono. Kwa mwanafunzi kengele ya pili maana yake ni moja: umepotea njia. Kosa la njia hupunguza alama, lakini halimtoi mtu uwanjani. Mwamuzi alimweleza kwa upole arudi E akaanzie hapo. Uso wa binti ulikuwa umewaka, na Subira, aliyehisi mikono ikikaza, akainua kichwa na kufungua mdomo.

Ilikuwa rahisi kuvuta wakati huo. Mjomba, nyuma ya ukuta wa zizi, alikuwa ameziba kinywa chake mwenyewe kwa kiganja, asije akatoa lile neno la Kiganda. Binti akashusha pumzi, akalegeza vidole. Kichwa cha Subira kikashuka. Duara la E likapatikana, nalo lilikuwa duara kweli. Penye A wakaanza hatua ya kawaida, na kutoka F hadi H wakaikata mshazari kwa hatamu ndefu, shingo ya farasi ikinyooka chini kama ya mnyama anayetafuta nyasi, mafundo kumi na matatu yakining'inia. Katika majaribio mengi tendo hilo hupewa uzito maradufu, maana haliwezi kuigizwa. Farasi mwenye hofu hanyooshi shingo.

Mchakamchaka tena, muwa, boga, fenesi, na kwa mara ya mwisho penye A akaingia njia ya katikati.

Herufi X haipo. Ipo mahali fulani kati ya E na B, mpandaji apitapo hapo goti kwa goti. Mita chache kabla yake binti aliacha kusukuma kwa nyonga. Alinyoosha mgongo, akafunga vidole. Wakati huo huo korongo kaloli, mmoja wa wale wakubwa wenye vichwa vya upara wanaozijua jalala zote za Kampala, akatua juu ya mti wa uzio na kukunjua mabawa. Sikio la Subira likamgeukia. Mguu mmoja wa nyuma ulibaki nyuma ya mwenzake. Kisha hakuna kilichotikisika.

Binti akazishika hatamu kwa mkono wa kushoto, akautelemsha wa kulia ubavuni, akainamisha kichwa. Sekunde moja, mbili, tatu. Mwamuzi akaitikia. Ndipo binti akalegeza, na farasi akatoka kwa hatua kama aliyeombwa.

"Mbona hukupiga saluti ya mkono?" lilikuwa swali la kwanza la baba.

"Baba, hiyo ni ya mpandaji aliyevaa sare. Raia huinamisha kichwa tu."

Konstebo akatafakari, akaona kanuni hiyo ni halali.

Karatasi ililetwa baadaye. Asilimia 57. Duara la kwanza lilipata tano, na pembeni yake imeandikwa kwamba halina umbo. Mshazari wa hatamu ndefu ulipata saba. Kusimama kulipata sita na nusu: kumetulia, mguu wa nyuma wa kushoto umeachwa. Mwalimu aliisoma, akamwambia mjomba kwamba siku ya Jumamosi mpwa wake aje mapema, kuna mabanda mawili ya kusafisha kabla ya kupanda.

Teksi ya kurudi ilijaa. Ilipofika Kabalagala mvua ilikuwa imeshanyesha huko, na Kisugu walikuta mifereji inakwenda mbio na uwanja wa chokaa umefutika kabisa uani. Wadogo wawili hawakungoja waambiwe. Waliuchora upya wakati saruji ingali na unyevu, na safari hii, badala ya herufi, kila mahali walichora kitu chenyewe: embe, chungwa, boga, na penye F fenesi kubwa lenye miiba, ambalo dada yao alitakiwa alizunguke mara mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia kula.